The Shining: maswali ambayo mashabiki wa kitabu na wa filamu hawaachi kuulizana

Itaje The Shining mbele ya wapenzi wa hadithi za kutisha, halafu kaa usikilize. Wa kwanza atasema filamu imekiua kitabu. Wa pili atasema kitabu ni kirefu, filamu ndiyo yenyewe. Wa tatu ataingia na habari za safari ya mwezini. Yaliyokusanywa hapa ni maswali yanayorudi kila mara. Majibu yanataja mwisho wa kitabu na mwisho wa filamu bila kuficha, kwa hiyo kama hupendi kumwagiwa mtama mapema, soma au tazama kwanza, kisha urudi.

## Kwa anayeanza

The Shining ni kitabu au ni filamu?

Ni vyote viwili, na kitabu ndicho kilichotangulia. Ni riwaya ya Stephen King wa Marekani, iliyotoka Januari 1977, ya tatu kuchapishwa kwa jina lake baada ya Carrie na 'Salem's Lot. Filamu ya Stanley Kubrick ilifuata Mei 1980. Jack Nicholson ndiye baba, Shelley Duvall mama, Danny Lloyd mtoto, na Scatman Crothers ndiye mpishi, Dick Hallorann.

Kisa kwa ufupi: Jack Torrance, mwalimu aliyewahi kuwa mlevi na sasa anataka kuwa mwandishi, anapata kibarua cha kuangalia hoteli ya Overlook kwenye milima ya Colorado wakati wa baridi, ikiwa imefungwa na theluji imekata barabara. Anahamia huko na mkewe Wendy na mtoto wao Danny. Hoteli ina wenyewe, na hao wenyewe wanamtaka mtoto. Njia ya kumpata ni kumpitia baba.

Hiyo "shining" yenyewe ni nini?

Ni kipaji cha Danny cha kusikia mawazo ya watu na kuona yaliyopita na yajayo. Hallorann naye anacho. Anamsimulia mtoto kwamba yeye na bibi yake walikuwa wakizungumza bila kufungua vinywa, na jina hilo ni la huyo bibi. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata "kung'aa", ambalo halisemi lolote. Kwetu mtoto wa namna hii angeambiwa ana maono, na wazee wangeanza kuulizana karithi kwa nani.

Hoteli ya Overlook ipo kweli?

Jina ni la kubuni, lakini chanzo chake kipo: Stanley Hotel, mjini Estes Park, Colorado. Mwaka 1974 King na mkewe Tabitha walilala hapo usiku mmoja, hoteli ikiwa karibu kufungwa kwa majira ya baridi, karibu wao peke yao katika jengo zima. Walipewa chumba namba 217. Usiku King akaota mwanawe anakimbizwa koridoni na mpira wa zimamoto. Akaamka, na mpaka asubuhi kitabu kilikuwa kimeshashika mimba.

Filamu haikupigwa hapo. Sura ya nje ya hoteli ni Timberline Lodge, Oregon, na sehemu kubwa ya mambo ya ndani ilijengwa studio za Elstree, Uingereza. Wageni waliofika Stanley walikuwa wakiulizia mzingile wa miti walioukumbuka kwenye filamu, ambao haukuwepo hapo wala kitabuni. Mwaka 2015 hoteli ikaamua kuupanda.

Kwa nini chumba 217 kikawa 237?

Timberline Lodge wanacho chumba 217, wakaogopa wageni watakikimbia, wakaomba namba ibadilishwe iwe ambayo hawana. Siku hizi wanasema 217 ndicho kinachoombwa kuliko vyote.

Nianze na kipi?

Ushauri wangu ni filamu. Aliyeanza na kitabu huitazama filamu akihesabu kilichokosekana, mwisho anatoka na hasira. Aliyeanza na filamu akifungua kitabu anamkuta Jack mwingine kabisa, mtu wa kuhurumiwa, na hapo anakuwa amepata hadithi mbili.

## Ugomvi wenyewe

Ni kweli King mwenyewe hakuipenda filamu?

Kweli, na amelisema hilo kwa miaka zaidi ya arobaini bila kuchoka. Aliwahi kuifananisha na Cadillac kubwa ya kupendeza isiyo na injini ndani. Hakukana kwamba picha zake zinavutia. Lalamiko lake ni kwamba filamu ni baridi, wakati yeye aliandika kitabu cha moto. Neno hilo lichukue kama lilivyo: kitabu kinaishia kwa hoteli kulipuka na kuungua, filamu inaishia kwa Jack kuganda kwenye theluji.

Tena kuna la ndani zaidi. King alikuwa mlevi miaka ile, na baadaye alieleza kwamba aliandika kuhusu mwalimu mlevi bila kutambua kuwa anajiandika mwenyewe. Jack wa kitabuni alimvunja mwanawe mkono siku moja ya pombe, akafukuzwa kazi kwa kumpiga mwanafunzi, na bado anampenda mtoto wake mpaka dakika ya mwisho. Sasa mtu aliyejianika hivyo anaingia ukumbini, anamkuta Jack mwenye macho ya wazimu tangu anaposailiwa kazi. King hakumtaka Nicholson kwa sababu hiyohiyo. Watu walikuwa wametoka kumwona mwaka 1975 katika filamu ya hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa hiyo wangemjua kuwa ni kichaa kabla hajafungua mdomo.

Mashabiki wa kitabu wanalalamikia nini hasa?

Ukiwasikiliza juujuu utadhani wanalilia vitu: nyundo ya mbao iliyogeuzwa shoka, wanyama wa majani (miti iliyokatwa kwa maumbo ya wanyama) walioondolewa, gari jekundu lililogeuzwa la njano. Hayo ni makapi. Kilio chenyewe ni swali la nani mwenye hatia.

Kitabuni, hoteli inamla mtu mwema mwenye ufa. Unamwona anapigana, anashinda leo, anashindwa kesho. Karibu na mwisho, nyundo ikiwa mkononi na mtoto mbele yake, Jack anarudiwa na nafsi yake kwa muda mfupi, anamwambia Danny akimbie na akumbuke kwamba baba yake anampenda. Kisha hoteli inamchukua tena. Kinachowaokoa wenzake ni boila la chini ambalo Jack alipaswa kulipunguza mgandamizo kila siku: katika kumfukuza mtoto, hoteli imelisahau. Linalipuka, na hoteli inakwenda nalo.

Kwenye filamu dakika hiyo haipo. Jack anamfukuza Danny akichechemea ndani ya mzingile, anapotea, anaganda, basi. Msomaji aliyelia kwenye ukurasa ule anatoka ukumbini akihisi ameibiwa, na mimi sioni kama anadanganya.

Na wanaoitetea filamu wanasemaje?

Kwamba Kubrick hakusahau mapenzi ya baba, bali hakuyaamini. Familia ile tayari ilikuwa na mtoto aliyeteguliwa bega na baba yake na mama aliyezoea kumtungia mumewe visingizio, kama Wendy anavyofanya mbele ya daktari mwanzoni kabisa. Kwa tafsiri hiyo mizimu haikuleta kitu kipya ndani ya nyumba. Wapo waliokulia kwenye nyumba yenye baba wa namna ile, wanaosema filamu inawatisha kuliko kitabu kwa sababu hakuna dakika ya kusamehe.

Mimi naona pande zote mbili zinamsema Jack kwa ukweli, ila si Jack mmoja. Ndiyo maana ugomvi hauishi.

Kwa nini Hallorann anauawa? Alikuja kufanya nini?

Hili ndilo linalouma watazamaji wengi, na kwa waliozoea sheria ya vibanda umiza kwamba steringi hafi, ni zaidi ya kuuma. Mzee anasikia wito wa mtoto kwa kipaji chake, anapanda ndege kutoka Florida, anakodi gari, anapita dhoruba, anaingia ukumbi wa hoteli akiita kama kuna mtu, na shoka linamkuta kifuani. Umemfuata safari nzima kwa ajili ya hatua chache za ndani.

Kitabuni anapona. Anawatoa Wendy na Danny kwenye theluji, na mwisho wa hadithi yuko nao, anakaa na mtoto anamfundisha kuishi na huzuni. Kwa hiyo Kubrick hakumwondoa mhusika tu, aliondoa baba wa pili.

Watetezi hujibu kwamba bila kifo hicho hakuna mtu anayekufa mbele ya macho yetu kwa mkono wa Jack, na tishio lingebaki maneno. Pia kwamba gari lake la theluji ndilo linalowatoa mama na mwana. Sawa. Lakini mwanamume mweusi pekee mwenye nafasi kubwa katika hadithi anafika ili afe na kuacha usafiri, na lawama hiyo haijawahi kupata jibu linaloridhisha. Crothers mwenyewe aliigiza vizuri mno, hata akapata tuzo ya Saturn ya mwigizaji msaidizi. Namna hadithi ilivyomrudisha imo kwenye swali la Doctor Sleep hapo chini.

Wendy wa filamu ni dhaifu kweli?

King anasema hivyo: kwamba kazi yake ni kupiga kelele na kuwa mjinga, na kwamba huyo si mwanamke aliyemwandika. Wendy wa kitabuni ana nywele za rangi ya dhahabu, ana kiburi chake, ana ugomvi wa zamani na mama yake, na anasimama mbele ya mumewe.

Lakini hebu hesabu matendo. Wendy wa filamu ndiye anayempiga Jack kwa rungu la besiboli, anamburuta mpaka stoo ya chakula na kumfungia, anamkata mkono kwa kisu mlangoni, na anamtoa mtoto hai. Anafanya yote hayo akitetemeka na kulia. Watu wengi wanachanganya kulia na udhaifu.

Ni kweli Shelley Duvall aliteswa wakati wa kupiga filamu?

Kazi ilikuwa ndefu na ngumu, Kubrick akirudiarudia tukio moja makumi ya mara. Vivian, binti yake Kubrick, alipiga filamu fupi ya maandalizi, na ndani yake mwongozaji anaonekana akimkaripia Duvall mbele ya wenzake. Mwenyewe alieleza baadaye jinsi ilivyochosha kulia siku nzima, wiki baada ya wiki, ingawa pia alimzungumzia Kubrick kwa wema. Zawadi yake mwaka 1981 ilikuwa kuteuliwa kwa Razzie, tuzo ya kejeli ya uigizaji mbovu. Mwaka 2022 waandaaji waliufuta uteuzi huo. Duvall alifariki Julai 2024.

Ilipotoka filamu ilipokewaje?

Vibaya kuliko vijana wa leo wanavyodhani. Wahakiki wengi waliiona ya polepole na isiyotisha, haikuteuliwa kwa Oscar hata moja, na Kubrick naye aliingizwa kwenye Razzie. Sifa zilikuja taratibu. Roger Ebert, aliyekuwa na mashaka nayo mwanzoni, aliiweka mwaka 2006 kwenye orodha yake ya filamu kubwa. Mwaka 2018 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye hazina ya filamu za kuhifadhiwa.

## Kilichobadilishwa

Mambo gani maarufu hayamo kitabuni kabisa?

Damu inayomwagika kutoka lifti. Mzingile. Shoka mlangoni na Jack kuchungulia akisema "Here's Johnny!", maneno aliyoyachomeka Nicholson mwenyewe kutoka kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Rundo la karatasi lenye sentensi moja. Na wale mapacha, binti za Grady, mwangalizi wa hoteli aliyemtangulia Jack na kuua familia yake. Yaani ukimwomba mtu yeyote akutajie The Shining kwa picha moja, karibu kila picha atakayotaja ni ya Kubrick. Hilo nalo linawaudhi wasomaji.

Ile sentensi iliyochapwa kurasa nzima ina maana gani?

Ni methali ya Kiingereza: kazi tupu bila mchezo humfanya Jack kuwa kijana wa kuchosha. Wendy anagundua kwamba "kitabu" ambacho mumewe amekuwa akikiandika wiki zote ni maneno hayo tu, maelfu ya mara.

Kubrick hakuridhika na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Alipiga kurasa hizo upya kwa lugha nyingine, kila lugha na methali yake. Wajerumani wanasoma linalolingana na letu la "linalowezekana leo lisingoje kesho". Wafaransa wanasoma kitu cha ukoo wa "usiache mbachao kwa msala upitao". Waitalia wana asubuhi yenye dhahabu mdomoni. Angetufikia sisi, nadhani ingebidi Jack achape "kazi na dawa" mpaka wino uishe.

Wanyama wa michongoma walikwenda wapi?

Kitabuni, uani pa hoteli kuna miti iliyokatwa kwa maumbo ya wanyama, wakiwemo simba na mbwa, na inasogea ukiipa kisogo. Kwa ufundi wa filamu wa wakati ule ingechekesha, kwa hiyo ukaletwa mzingile. Hapa hata wasomaji wakali wengi wamemsamehe Kubrick.

Na hili la gari jekundu?

Volkswagen ya akina Torrance kitabuni ni nyekundu. Kwenye filamu ni ya njano. Hallorann akiwa njiani anapita ajali ambapo lori limeiponda Volkswagen nyekundu. Mashabiki wengi wanaisoma kama salamu ya Kubrick kwa King: gari lako liko chini ya lori langu.

## Matoleo mengine

Kuna toleo linalofuata kitabu?

Lipo. Mwaka 1997 televisheni ya ABC ilionyesha tamthilia ya sehemu tatu iliyoandikwa na King mwenyewe na kuongozwa na Mick Garris, Steven Weber akiwa Jack na Rebecca De Mornay akiwa Wendy. Ilipigwa Stanley Hotel yenyewe. Nyundo imo, boila limo, wanyama wa majani wamo, Hallorann anapona. King anaonekana kidogo kama kiongozi wa bendi.

Lakini ukiuliza mashabiki wa kitabu kama wanaitazama tena, wengi wanakohoa. Kila walichokidai kimo, isipokuwa hofu. Mwaka 2016 pia Minnesota Opera iliimba hadithi hii ikifuata riwaya, na huko moto wa hoteli ulirudi.

Doctor Sleep inamfuata nani, King au Kubrick?

Riwaya ya 2013 ni mwendelezo wa kitabu: hoteli imeshaungua, Hallorann yu hai mwanzoni, Danny amekua na ni mlevi kama baba yake. Filamu ya 2019 ya Mike Flanagan ilikuwa na mtihani, kwa sababu watazamaji wanaijua hoteli ya Kubrick ambayo haikuungua na Hallorann aliyekufa kwa shoka.

Flanagan alijaribu kuwasuluhisha. Hoteli ilijengwa upya kwa kufuata michoro ya Kubrick, na Hallorann akarudi kama mzimu mwema. King alisita mpaka alipoelezwa tukio moja: Danny mtu mzima, aliyeacha pombe, ameketi baa ya Overlook, na anayemmiminia kinywaji ana sura ya baba yake. Mwishoni Danny analiachia boila, hoteli inaungua, yaani mwisho ambao Kubrick aliukataa mwaka 1980 umempata mtoto badala ya baba. King aliipokea, akasema aliyokuwa hayapendi kwenye filamu ya kwanza yamekombolewa hapo. Mauzo hayakuwa mazuri, lakini ni mara chache nimeona mashabiki wa pande zote mbili wakitoka na macho mekundu kwa sababu moja.

Kwa nini nakala yangu ya filamu ya Kubrick ni fupi kuliko ya mwenzangu?

Ya Marekani ina takriban dakika 144, ya Ulaya 119, na zote mbili ni kazi ya mkono wa Kubrick. Katika ile fupi hata ziara ya daktari iliyotajwa juu haimo, na bila hiyo Wendy anaonekana mwepesi zaidi. Kulikuwa pia na tukio la hospitali mwishoni, lililokatwa filamu ikiwa tayari kwenye kumbi.

## Ya pembeni

Ni kweli Kubrick alikuwa anakiri kwamba safari ya mwezini ni ya kuigiza?

Hapana. Dhana hiyo inasimama juu ya sweta la Danny lenye picha ya Apollo 11 na namba ya chumba. Imo kwenye filamu ya hali halisi ya Room 237 (2012), pamoja na wanaoona mauaji ya Wahindi Wekundu ndani ya makopo ya hamira na wanaoona mauaji ya Wayahudi ndani ya taipureta. Leon Vitali, msaidizi wa Kubrick, aliitazama akacheka. Ile ya makopo ndiyo naweza kukaa nayo: kwenye filamu meneja anasema kwa kinywa chake kwamba hoteli ilijengwa juu ya makaburi yao.

Yule mtu mwenye vazi la mnyama chumbani ni nani?

Filamu inamwonyesha sekunde chache, haisemi kitu. Kitabuni ana jina: Roger, anayevaa vazi la mbwa kwenye dansi la vinyago ili kumfurahisha tajiri Horace Derwent, aliyewahi kuimiliki hoteli na anayependa kumdhalilisha mbele za watu.

Grady anaitwa Charles au Delbert?

Meneja anasema Charles, mzimu chooni anasema Delbert, kitabu kinasema Delbert. Wengine wanaona kosa, wengine wanaona watu wawili wa nyakati mbili, na picha ya mwisho ndiyo inayowapa nguvu.

Danny Lloyd alijua anaigiza filamu ya kutisha?

Alifichwa. Alikua akawa mwalimu wa baiolojia, na unaweza kumwona sekunde chache kwenye Doctor Sleep akitazama mechi ya besiboli.

Picha ya mwisho ukutani inamaanisha nini?

Ni dansi la tarehe 4 Julai 1921, na Jack yuko katikati anatabasamu. Haimo kitabuni. Wapo wanaosema hoteli imemmeza na kumweka kwenye mkusanyiko wake. Wapo wanaosema alikuwepo tangu zamani na amerudi tu, kwa kuwa Grady anamwambia amekuwa mwangalizi siku zote. Maana ya kwanza inaendana na Jack wa King, ya pili na Jack wa Kubrick, na tumerudi kwenye ugomvi uleule.

Picha yenyewe ni ya kweli, kichwa cha Nicholson ndicho kilichopachikwa. Mwaka 2025 ilitambuliwa: ilipigwa London, kwenye dansi la Siku ya Wapendanao ya Februari 1921, na mwenye shingo ile alikuwa Santos Casani, mcheza dansi.